Mguu wa Dachesi

Kwa miaka kumi na tisa Kiende amekuwa saisi, mtunza farasi, katika shamba la Bwana Muriithi nje kidogo ya Timau. Mtoto asiyejua kupanda akifika, Kiende humpandisha Dachesi, farasi jike wa miaka ishirini na sita. Trekta likinguruma kwenye ngano, Dachesi husimama tu. Mtoto akilia mgongoni, husimama vilevile, akageuza sikio moja nyuma.

Julai mwaka jana Kiende aliona mguu wa mbele wa kulia unakakamaa asubuhi za baridi. Akawa anaukanda kwa maji ya moto na kumzungusha Dachesi uani mpaka ulegee. Hakumwambia mtu. Alijua farasi asiye na kazi huishia wapi.

Jumamosi moja akaja Tabby, msichana wa miaka sita, na mama yake Carol, mwalimu wa Meru mjini. Walishakuja mara tatu, na Tabby hakutaka farasi mwingine. Kiende alishika kamba, wakaenda taratibu kando ya ua. Kwenye mteremko mdogo Dachesi alijikwaa, akapiga goti. Tabby aliteleza shingoni, Kiende akamdaka kabla hajafika chini.

"Pole, Dachesi," mtoto alisema.

Carol alimkumbatia binti yake. "Mlijua ana shida?"

"Nilijua mimi, mwalimu. Bosi hajui."

Alasiri hiyo alikwenda kwa Muriithi na kumweleza yote.

"Mbona hukusema?" aliuliza Muriithi.

"Niliogopa utamwondoa. Amebeba watoto wengi, mzee. Hata wako."

"Na yule mtoto angevunjika shingo?"

Kiende alipewa barua ya onyo, na kwa miezi miwili akakatazwa kupandisha watoto. Aliona haya, lakini hakulalamika.

Daktari wa mifugo alisema ni baridi yabisi. Dachesi asibebe mtu tena, ila kutembea malishoni kungemfaa. Muriithi akakubali abaki. Kazi ya watoto ilimwangukia Kobe, farasi dume aliyehasiwa, mpole kwa tabia, ila hakuzoea makelele yao. Kiende alimzoesha kila siku: akamfunga gunia la mchanga mgongoni, akafungua mwavuli mbele yake, akamwomba mtu wa bodaboda apite karibu, mara nyingi, mpaka Kobe akawa hata hageuzi kichwa.

Novemba, Carol alirudi na Tabby. Mtoto alikwenda kwanza kwa Dachesi, akamsugua ubavu kwa brashi kwa muda mrefu. Kisha akasimama mbele ya Kobe, akamkagua kuanzia kwato hadi masikio.

"Anti, huyu ana miaka mingapi?" alimuuliza Kiende.

"Kumi na minane."

"Bado mdogo," alisema Tabby kwa wasiwasi, ila akanyoosha mikono ili apandishwe.