Glasi ya Bibi

Mwaka wangu wa kwanza chuoni Sydney, nilipanga nyumba moja Blacktown na mwanafunzi mwenzangu, msichana kutoka Meksiko. Asubuhi moja nikakuta sebuleni picha ya marehemu bibi yake, imezungukwa na mishumaa, maua, mkate na glasi ya maji. Eti kwao kila mwaka kuna siku ya wafu, na marehemu hurudi siku hiyo kula na kunywa. Niliona kinyaa. Mtoto wa mchungaji, nilale nyumba moja na matambiko! Nikakemea kwa jina la Yesu. Mkate niliogopa kuugusa, ila maji niliyamwaga yote kwenye sinki.

Mwenzangu aliporudi akaiona glasi tupu, akanikumbatia huku analia kwa furaha. “Amekuja! Bibi kayanywa yote!”

Nikampigapiga mgongoni kwa mkono uleule, na kinyaa chote kikanigeukia mimi.