Mafuta ya Mvuje

Mjukuu wangu amenifungulia chupa ya mafuta ya nyonyo yaliyotiwa mvuje, na ile harufu kali, kama ya kitunguu kilichooza, imejaa chumba kizima.

Nyanya yangu alikuwa na harufu hiyo. Baridi yabisi ilikuwa imempinda vidole, na kila asubuhi alichuliwa kwa mafuta hayo. Mwaka wa bendera mpya, mwaka wa uhuru, palipikwa pilau kijijini kwetu, Msambweni, na wanawake wakaketi kuzunguka masinia. Kijiko kilikuwa cha wagonjwa. Nyanya alikikataa.

“Nifinyangie matonge, mwanangu,” aliniambia chini chini. “Lakini usinitazame.”

Nikawa nafinyanga wali wa moto na kuusukuma upande wake, macho yangu yakiwa kwenye sinia. Aliyaokota matonge kwa ubavu wa kiganja, leso ikimfunika mkono, akala hadi akashiba.

Kesho yake majirani walikuja na vichupa. Walikuwa wamemwona akila kwa mkono wake, nao viungo viliwauma.

“Ni mafuta haya yaliyokuponya, bibi?”

“Alhamdulillahi,” nyanya alijibu. “Yapo, chukueni.”

Kisha akanigeukia, nami nikamfungulia chupa.