Picha ya Nevena Dirishani

Spas Manolov alikuwa dereva wa gari dogo la hoteli, lile linalowachukua wageni uwanja wa ndege wa Sofia na kuwarudisha siku yao ya kuondoka. Kazi hiyo aliianza akiwa na nywele nyeusi. Watu hudhani ni kazi ya kukanyaga mafuta na breki tu. Hawajui kwamba dereva huyo ndiye mwenyeji wa kwanza mgeni anayekutana naye, na akinuna yeye, basi nchi nzima imenuna. Na Spas hakuwa mtu wa kucheka ovyo. Wa kucheka alikuwa mkewe.

Nevena alitandika vitanda katika hoteli hiyohiyo. Kila alipopata mapumziko alivua aproni, akapanda kiti cha mbele kando ya mumewe, wakaenda uwanjani pamoja kupokea wageni. Hakuna aliyemtuma wala aliyemlipa kwa hilo. Aliwakaribisha, akawaonyesha mlima Vitosha siku ambazo mawingu yaliuachia, akawauliza habari za wajukuu wao kwa Kiingereza cha kuokoteza. Ukimuuliza Spas mkewe aliishi wapi, angekutajia fleti yao ya mtaa wa Mladost, kwa kuwa hiyo ndiyo anwani. Moyoni alijua aliishi kwenye kile kiti.

Mwezi wa Septemba mshipa ulimpasuka kichwani akiwa ameshika foronya mkononi. Hakuamka tena.

Kwetu mtu akifa tunachapisha tangazo lenye picha yake, jina na maneno machache, tunalibandika kila alipojulikana: mlango wa jengo lake, nguzo ya kituo cha basi, mti ulio mbele ya duka. Ikifika arobaini tunabandika jingine, nusu mwaka jingine, mwaka jingine, na wapo wanaoendelea kubandika mpaka nao wabandikwe. Machi ilipoingia, Spas alichapisha la nusu mwaka: "Miezi sita bila Nevena wetu." Moja alilibandika mlangoni kwao, la pili kwenye mlango wa wafanyakazi nyuma ya hoteli. La tatu alilibandika dirishani ndani ya gari, kando ya kiti cha mbele, picha ikiwatazama abiria.

Sasa wageni hawasomi maandishi yetu. Waliona uso wa mwanamke, jina na tarehe, wakajijibu wenyewe kwamba huyu kapotea. Mume na mke fulani waliuliza mapokezi kama ni salama kutoka nje. Bwana mmoja akaandika mtandaoni kwamba hoteli ni safi na kifungua kinywa ni kizuri, ila wanawake hutoweka.

Meneja, Ognyan, alimvuta Spas kando asubuhi moja kabla hajaenda uwanjani. Alikuwa mdogo kwa Spas na alimwita bai, kama wanavyoitwa kaka wakubwa.

"Bai Spas, ile picha."

"Ina nini?"

"Usinigeuze shetani, tafadhali. Nani aliyeniletea kahawa kila siku bila kuombwa? Nami nimemlilia. Lakini wageni wanaogopa."

"Waogope. Kwani huko kwao hawafi?"

"Wanakufa, bai, ila hawabandikwi kwenye magari. Itoe. Ukirudi na mgeni wa asubuhi hii nisiikute. Nikiikuta nitaibandua mwenyewe, utanichukia, na mimi nitajichukia."

Spas aliwasha gari akaondoka. Alipofika uwanjani aliegesha, akaingiza kucha kwenye pembe ya karatasi, akakwangua kidogo. Pembe iliinuka. Akairudisha kwa kidole gumba, akaikandamiza mpaka ikashika. Aliona kwamba akiing'oa hapo, Nevena atakuwa amefukuzwa mahali pekee alipopapenda, na atakayekuwa amemfukuza ni yeye.

Mgeni wake alikuwa Dona Ermelinda, mama Mreno anayekuja kila Machi kuwauzia watengeneza divai wetu vizibo vya chupa. Mizigo yake huwa mikubwa kama kabati na myepesi kama mkate. Alipanda, akafunga mkanda, akavaa miwani. Gari lilikuwa limeshaingia barabara kuu alipoiona picha.

"Jamani! Amepotea lini huyu?"

Spas alikuwa amechoka kueleza. "Septemba," alisema tu.

"Lakini mimi nimemwona!"

Spas alijua vizuri mno mkewe alipo. Juzi tu yeye mwenyewe alikwenda kaburini, akamimina divai juu ya udongo, akaacha ngano iliyochemshwa ya sadaka ya marehemu. Na bado moyo ulimruka, mdomo ukaitangulia akili.

"Wapi? Ulimwona wapi?"

"Humuhumu! Machi iliyopita. Alikaa hapo mbele. Ngoja... wewe si ndiye mumewe? Alinionyesha, akasema yule ni mume wangu."

"Ndiye mimi."

"Masikini."

Hapo angeweza kusema neno moja tu, amekufa, na mambo yakaisha. Lakini tangu Septemba kila aliyeambiwa neno hilo alikunja uso, akasema Mungu amsamehe, akanyamaza. Hakuna aliyempa habari mpya za Nevena. Na huyu mama alikuwa nazo.

"Alikuwaje siku hiyo?" aliuliza Spas.

"Mzima kabisa. Sweta la kijani, lina kifungo kimoja tofauti na vingine."

"Kilidondoka," alisema Spas. "Nikamshonea mimi."

"Wewe ulikuwa nyuma unapigana na masanduku yangu. Yeye akaniambia, lete mkono, akanifungia ule uzi wenu wa Machi, mwekundu na mweupe. Akasema nisiuvue mpaka nione korongo au mti uliochanua maua. Nimekaa nao mpaka Lisbon, nikaufunga kwenye mlozi wa jirani."

"Akasema nini tena?"

"Ndege ilipita juu. Akasema analala na harufu ya shuka za dunia nzima na hajapanda ndege hata mara moja. Nikamuuliza kwa nini. Akacheka, akaonyesha nyuma, kwako. Akasema, 'Yule anaziogopa sana. Nikimpandisha atanifia juu kwa juu. Nikienda peke yangu, nani atampigia soga njiani?'"

Spas alishika usukani kwa nguvu. Kila Nevena alipozungumzia safari, yeye alisema nauli ni ghali, au kwamba Sofia ina kila kitu, huko kuna nini cha ajabu. Aliamini ameificha hofu yake vizuri. Kumbe Nevena alijua. Alijua miaka yote, na yeye aliyemtania kila mtu hakumtania mumewe kwa hilo hata siku moja.

Alilia palepale, macho barabarani, bila kujificha. Dona Ermelinda alinyoosha mkono akampiga bega polepole.

"Ataonekana," alisema. "Usikate tamaa."

Ognyan alikuwa anawasubiri mlangoni na kisu kidogo cha kukwangulia. Alipoona picha bado ipo alishusha pumzi, akafungua mlango wa gari. Dona Ermelinda akamtangulia kusema.

"Wewe ndiye mkubwa hapa? Mpaka leo hamjampata huyu mama?"

Ognyan akamtazama Spas. Uso ulikuwa umelowa mpaka kidevuni.

"Mimi nilimwona mwaka jana," aliendelea yule mama. "Alikuwa mtu mwema. Na hicho kisu cha nini? Msithubutu kuitoa! Watu watamtambua vipi?"

Ognyan aliitazama picha. Kisha akakitia kisu mfukoni.

"Bado, mama," alisema. "Bado tunamtafuta."

Akachukua masanduku ya vizibo mwenyewe, kazi ambayo si ya meneja, akaingia nayo ndani bila kugeuka nyuma.

Picha ipo hadi leo. Jua limeanza kuipausha. Na Spas, ambaye zamani hakuwahi kuanzisha mazungumzo na abiria, siku hizi husubiri mpaka wote wafunge mikanda, kisha hugeuka, akaigusa karatasi kwa kidole.

"Samahani," huwauliza. "Huyu, mmewahi kumwona?"

Wengi husema hapana. Spas huwashukuru, akawasha gari.