Siku Waliyomzima Mkubwa

"Hivi mwenzangu, kazi yako hasa ni nini?" jirani wa mlango wa pili alimwuliza siku moja, wakianika nguo uani. "Maana hurudi na grisi, hurudi na chaki, lakini ukiingia hapo getini umechoka kama mtu aliyefyatua matofali kutwa."

Aliyeulizwa alibana kibanio kwenye kamba akafikiri kidogo. Hospitalini anakofanya kazi wanamwita Dada Waya, kwa sababu haonekani bila waya mkononi, shingoni au ukining'inia mfukoni.

"Nafanya karatasi zitoke," akasema.

"Zitoke wapi?"

"Kwenye printa. Na faili likitafutwa lionekane."

"Basi?"

"Basi. Zikitoka, hakuna anayejua kama nipo duniani. Zisipotoka, hospitali nzima inanijua mpaka jina la babu."

Jirani alicheka hadi shuka likamponyoka, ikabidi lisuuzwe tena. Lakini jibu lile lilikuwa la kweli. Marehemu baba yake alikuwa fundi umeme, na yeye ndiye aliyekuwa akimshikia tochi darini. Baba alimzoeza jambo moja: waya usioujua unakoanzia usiukate. Alipomaliza chuo cha ufundi, hospitali ilimchukua kusafisha kibodi za kompyuta na kubadilisha wino, na chumba alichopewa kilikuwa stoo ya mashuka. Mpaka leo ukiingia humo unasikia harufu ya sabuni na ya pasi.

Miaka yote hiyo hospitali ilitegemea seva moja kuukuu, kompyuta inayotunza mafaili ya wote, iliyokaa pembeni mwa masjala. Majibu ya maabara, majalada ya wagonjwa, vyeti vya dawa, vyote vilipita humo. Ikikwama, benchi za wagonjwa zinajaa, na simu ya Dada Waya inaanza kuita. Imemkuta bafuni na povu kichwani. Imemkuta ibadani, katikati ya sala, akainuka akatoka kwa ncha za vidole huku akimwomba Mungu msamaha moyoni. Mara nyingine akifika anakuta printa imeishiwa karatasi tu. Anajaza, anaaga, anarudi.

Ndipo zikaja seva mbili mpya pamoja na kabati la diski. Kazi ya kuzifunga ilikuwa yake, humo humo stoo. Mpango wenyewe si mgumu kuuelewa. Mafaili hayakai ndani ya seva, yanakaa kabatini, na seva zote mbili zinaliona kabati hilo. Moja inafanya kazi, ya pili inasikiliza mapigo ya mwenzake kupitia waya ulio kati yao. Mapigo yakikatika, iliyokuwa ikisikiliza inashika mafaili na printa zote, kazi inaendelea. Ya kwanza aliipa jina Mkubwa, ya pili Mdogo. Na zote mbili kwa pamoja akazipa jina moja la kuitiwa: Nyumbani.

Wakati anazifunga, mama yake alikuwa anangoja zamu ya kupasuliwa mtoto wa jicho. Jicho moja lilikuwa limeshafunga, na la pili lilikuwa linaona watu kama moshi. Hospitali ya macho ilikuwa mbali, safari ya kulala njiani, na ilishatoa tarehe. Atakayekosa tarehe anarudi mwisho wa foleni. Kaka yake ni dereva wa malori, leo yuko huku, kesho yuko mpakani. Wa kumshika mama mkono alikuwa ni yeye.

Akaenda kuomba likizo. Mkurugenzi wa hospitali, daktari mpole anayependa kuvua miwani kabla ya kukataa jambo, alivua miwani.

"Mwanangu, ukiondoka na hiki kitu kikazimika, tutamwita nani?"

"Kimetengenezwa ili msimwite mtu, daktari."

"Basi nionyeshe. Zima kimoja mchana, watu wako kazini. Nikiona karatasi zinatoka, nenda na mama, nitakusainia mwenyewe. Zisipotoka, itabidi mama asubiri."

Alipomweleza mama jioni, mama alikuwa anapapasa meza kutafuta kikombe kilichokuwa mbele yake. "Nitasubiri," akasema. "Kwani ninaenda wapi?" Dada Waya alimsogezea kikombe mkononi.

Siku ya jaribio habari ilishaenea, na kwa kuwa wafanyakazi wengi humwita mkurugenzi "mkubwa", ilienea vibaya. Tarishi, mzee wa utani asiyeacha mtu apite bure, alimsimamisha ukumbini.

"Nasikia leo unamzima Mkubwa."

"Ndiyo, mzee wangu."

"Mkewe ameambiwa?"

"Ni seva, mzee."

"Hata hivyo, mtu aambiwe mapema, ajipange."

Aliingia stoo, akainamisha kichwa kidogo kuomba, akamzima Mkubwa. Mdogo aliamka kama alivyofundishwa, akashika kabati, taa zake zikaanza kucheza. Dada Waya akashusha pumzi.

Kisha simu ikaita. Maabara, hakuna kinachotoka. Duka la dawa, hakuna. Mama Masjala, mkuu wa masjala, alikuja mwenyewe mpaka mlangoni, miwani juu ya kichwa. "Mwanangu, umetufungia mlango. Majalada hayafunguki hata moja." Ukumbini wagonjwa walianza kuulizana kulikoni. Akamwasha Mkubwa, na karatasi zikaanza kutoka tena. Mkurugenzi hakugomba. Alisema tu, "Basi tusubiri," akarudi ofisini kwake, na hilo lilimuuma kuliko kugombezwa.

Siku iliyofuata alikagua waya mmoja mmoja, kuanzia unakoanzia. Hakuona kosa. Mdogo alikuwa mzima, kabati lilikuwa zima, Nyumbani ilikuwa wazi. Akaamua kuzunguka kwenye kompyuta za watu, akaanzia masjala. Mlango ulikuwa umerudishwa.

"Hodi," akaita.

"Karibu," ikajibu sauti ya tarishi kutoka nyuma ya makabati. "Mwenyewe ametoka, lakini pita tu."

Akaketi kwenye kompyuta ya Mama Masjala, akatazama imeunganishwa na nani. Mkubwa. Akahamia ya karani wa pili. Mkubwa. Ya tatu, Mkubwa. Kwenye kioo majina yalikuwa matatu, Mkubwa, Mdogo, Nyumbani, na masjala nzima ilikuwa imechagua moja.

Mama Masjala aliporudi akamkuta bado amekaa. "Mama, kwa nini hamkuchagua Nyumbani? Niliwaambia chagueni Nyumbani."

"Ulisema, mwanangu. Lakini sasa mtu unafika, unamwona mkubwa yupo, utampitaje bila kumsemesha? Mimi niliwaambia wasichana, tuanzie kwa mkubwa, ndiyo adabu. Tena na maabara waliponiuliza, nikawaambia hivyo hivyo."

Dada Waya alifunika uso kwa viganja. Aliyetoa majina yale ni yeye. Angeziita Moja na Mbili, au Kijiko na Uma, kusingekuwa na mtu wa kuheshimiwa. Wote walikuwa wanamwita mtu, na mtu akiwa hayupo, hakuna wa kuitika. Akamgeukia tarishi.

"Mzee, nilipofika hapa nilisemaje?"

"Ulisema hodi."

"Nilikuita wewe?"

"Hukuniita. Ungeniita mimi ningejua una shida na mimi, nisingeitika."

"Lakini uliitika."

"Si nilikuwa ndani?"

"Basi mama," akamwambia Mama Masjala, "Nyumbani ndiyo hodi. Huiti jina la mtu. Aliye ndani ndiye anayesema karibu."

Mama Masjala alishusha miwani machoni, akakitazama kioo muda mrefu. "Kumbe," akasema. "Sasa si ungesema hivyo tangu mwanzo? Unatuletea maneno ya chuo, sisi tunajua hodi."

Wiki ile alipita kompyuta kwa kompyuta, wodi kwa wodi, akifuta Mkubwa na kuandika Nyumbani. Mwisho akayaficha majina yale mawili yasionekane kabisa, asije mtu mwenye adabu akayakuta. Kazi ya kueleza ilifanywa na Mama Masjala, aliyewapigia simu wenzake mwenyewe: "Msiite mtu, pigeni hodi." Wauguzi walielewa haraka kuliko walivyoelewa semina nzima aliyowapa Dada Waya.

Jaribio la pili lilifanyika asubuhi, kliniki ikiwa imejaa, na tarehe ya mama ikiwa imekaribia. Mkurugenzi alisimama masjala, mikono nyuma. Dada Waya akaenda stoo, akarudi, akasimama karibu na mlango. Printa ya masjala ilisita kidogo, kama mtu anayekohoa kabla ya kusema, kisha ikatoa karatasi. Ikatoa nyingine. Dirishani karani aliita mgonjwa anayefuata.

Mama Masjala alichoka kungoja. "Sasa mwanangu, unamzima saa ngapi? Nina watu hapa."

"Nimeshamzima, mama."

Mama Masjala aliitazama printa, akamtazama mkurugenzi, akaokota karatasi yake. "Haya," akasema. "Anayefuata."

Mkurugenzi alivua miwani, na Dada Waya akakata tamaa kwa kuzoea. Lakini safari hii aliifuta tu kwa shati, akaivaa tena, akasaini likizo papo hapo juu ya kaunta.

"Umefanya kazi," akasema. "Kama kuna kitu kingine unataka, sema sasa hivi nikiwa na furaha. Kiyoyozi cha stoo? Kiti?"

Tarishi alimkonyeza achukue kiti. Dada Waya alitoa simu mfukoni, waya wa chaji ukatoka nao, akaishika mkononi.

"Naomba msinipigie simu mpaka mama afunguliwe bandeji."