Mbaazi Zilizolala Majini

Nilipohamia Mishomoroni baada ya kustaafu, jirani yangu alinionya nisile katika mkahawa wa mjane mmoja wa mtaani kwetu. "Mbaazi zake ni za jana," alisema. "Kila jioni sufuria naiona imejaa." Maneno hayo yalikuwa yameenea, na mabenchi ya yule mama yalibaki matupu.

Mimi siamini nisichokiona. Nilikwenda alasiri moja, nikaomba kuliona jiko.

"Shikamoo, mzee. Umekuja kula au kukagua?"

"Marahaba. Kukagua kwanza."

Alicheka, akafunua sufuria. Ndani mlikuwa na mbaazi kavu zilizorowekwa katika maji baridi, zikingoja moto wa alfajiri. Kando ya mbuzi ya kukunia palikuwa na nazi nzima, hata moja haijavunjwa.

"Nazi nakuna asubuhi," alisema. "Tui lililolala simpi mtu."

Kesho yake nilimchukua jirani, nikamketisha kwenye benchi la mbao lililong'arishwa na miaka ya kukaliwa. Tuliletewa mahamri ya moto yenye harufu ya iliki, na mbaazi katika tui zito. Jirani alimaliza sahani, akaagiza ya pili.

"Za jana hizo, baba," mama alimwambia. "Zililala majini."

Siku hizi nikichelewa sipati pa kukaa, kwa kuwa jirani amewaleta wote aliokuwa akiwaonya. Nao, nasikitika kusema, wamemwamini jirani tena bila kufunua sufuria.