Nusura nivunje bafu la marehemu mke wangu kwa sababu ya harufu

Wakuu, ejok, kama tunavyosalimiana huku Turkana.

Humu mimi ni msomaji tu, na shule yangu iliishia darasa la nane, kwa hivyo mnivumilie. Hii ilinipata mwenyewe hapa Nawoitorong, Lodwar. Sitaongeza chumvi.

Mke wangu alifariki baada ya kuugua sana. Bafu la ndani lilikuwa lake. Tiles za sakafu, za kijani, alizichagua mwenyewe Kitale. Boksi la mwisho alilipakata njia yote, akakataa lisiwekwe kwenye buti.

Baada ya mazishi nikapiga deki, nikakausha kila kona, nikafunga mlango. Nikawa naoga bafu la nje.

Wiki ya nne hivi, harufu. Si ya mchezo, wakuu.

Jirani yangu, Mama Akiru, akasimama uani na leso puani.

"Baba Nekesa, siku hizi umefuga fisi?"

Nikacheka. Mara ya kwanza tangu mazishi, na ni kwa sababu ya uvundo.

Fundi wa kwanza alinusa tu, akasema bomba limepasuka chini, tiles zote zing'olewe. Nikamwambia anipe siku mbili.

Siku ya pili nikachukua nyundo. Kama ni kuvunja, bora nivunje mimi. Nikapiga moja, ikapasuka katikati. Mkono ukakataa kuendelea. Nikakaa hapo chini.

Mama Akiru alisikia ule mlio, akaniletea fundi aliyekuwa akijenga kwake, Mkongo anayeishi Kakuma. Akamulika shimo la bafu kwa tochi ya simu.

"Papa, hapa maji iliingia lini?"

"Tangu mke wangu aondoke, hakuna."

"Pole, papa. Basi weka nyundo chini. Leta maji."

Nikaleta jagi. Akamimina polepole, akafungua dirisha. Tulipomaliza chai, harufu ilikuwa imeisha.

Kumbe chini ya shimo bomba limepinda. Mafundi wanaliita trap. Maji hubaki kwenye hiyo kona, na ndiyo yanayozuia hewa chafu ya septic isipande ndani. Bafu lisipotumika yanakauka, na kwa jua letu hayachukui muda. Mimi nilidhani kuliacha kavu ndiko kulitunza.

Kwa hivyo, wakuu, sinki au bafu lisilotumika limwagieni jagi la maji kila wiki. Likiendelea kunuka, hapo iteni fundi. Nyundo iwe ya mwisho.

Siku hizi naoga humo. Wiki ya kwanza ilikuwa ngumu, siwadanganyi.

Sasa nishaurini. Kwenye boksi lake kumebaki tile moja nzima. Niibandike pale nilipovunja, au niitunze? Nikiitumia, hakuna nyingine.