Kambakoche Niliyemla Jikoni

Nakumbuka mchana mmoja wa jua kali, kule Dar es Salaam, nimeketi mbele ya kambakoche mwekundu, mkubwa kama mkono wangu. Njaa ilikuwa imenikaba, na sikuweza kumgusa.

Mwanangu, nilikuwa kijana wa miguu isiyotulia. Shule niliiacha mapema. Nikachimba madini Kamatanda, kwetu Katanga, nikavua samaki ziwani Mwadingusha, kisha nikapanda malori yanayopeleka shaba bandarini, kwa sababu tu nilitaka kuona barabara inaishia wapi. Iliishia baharini. Na huko nikamkuta Odette, msichana wa Likasi niliyetaka kumwoa, amemleta mama yake kutibiwa macho. Walikuwa wamefikia kwa mjomba wake, Tonton Musonda, mfanyabiashara aliyeishi pwani miaka mingi. Kwao mjomba ndiye mwenye neno la mwisho. Akikataa, hakuna ndoa.

Tonton akanialika hoteli ya wakubwa, ufukweni. Vitambaa vyeupe mezani, visu vya kila namna, chaza wamelala juu ya barafu. Nilidhani tutakuwa wanaume wawili. Kumbe amewaleta Odette na mama yake, na huyo mama akaketishwa mbele yangu, uso kwa uso.

Unaijua desturi yetu, au labda huijui, maana siku hizi mnawapeleka wakwe zenu hotelini na kupiga nao picha. Mwanamume hali mbele ya mama mkwe, wala mama hali mbele yake, mpaka siku mama mwenyewe atakapompikia kuku mzima nyumbani kwake. Hapo ndipo haya huisha.

"Kula, muntu yangu!" Tonton alisema. "Mambo ya bukwe, hii haya ya wakwe, tuliiacha ku mupaka, kule Kasumbalesa. Hapa ni ku bahari!"

"Tonton, minye siwezi."

"Weye iko na njaa ama hapana? Mwenye njaa hana miiko!" Akamgeukia mhudumu. "Angalia huyu. Ametoka Katanga na lori, halafu anaogopa mududu wa mayi!"

Mhudumu alicheka, nami nikacheka kidogo. Sikufichi, nilitamani. Si njaa tu, ni ule udadisi wangu: ndani ya gamba lile kuna nini? Nikainua uma.

Ndipo nikaona mikono ya mama. Ilikuwa chini ya meza. Kichwa alikuwa amekifunika kwa kitenge, na sahani yake ya samaki ilikuwa vilevile ilivyoletwa. Odette alikuwa ameniambia mlangoni kwamba mama hajala tangu jana kwa sababu ya vipimo vya hospitali. Harufu ya samaki ilipompitia, nilisikia anameza mate. Kumpinga kaka yake mbele ya watu hakuweza. Kula mbele yangu hakuweza pia. Hata kama nisingekula, maadamu nimeketi pale, mama yule angeshinda na njaa.

Nikashika sahani yangu, nikasimama.

"Tonton, unisamehe. Minye naenda kula ku jiko."

"Ukitoka ku meza yangu, usirudie kuniomba mutoto!"

Nikaenda, mwanangu, na sahani yangu mkononi.

Jikoni wapishi walishangaa, wakanipa kreti nikalie. Mmoja akanionyesha jinsi ya kupasua gamba. Nikamuuliza kila kitu: huyu mnamtoa wapi, pweza mbona mnampigapiga, chaza analiwaje akiwa mbichi. Nyama ilikuwa nyeupe, tamu. Lakini kila tonge lilishuka na swali: je, nimempoteza Odette?

Niliporudi nilisimama mbali, macho chini. Sahani ya mama ilikuwa na miba mitupu. Tonton alikuwa amenuna. Mama hakuniangalia, alimgeukia binti yake.

"Odette, ambia ule mwenye alienda ku jiko: tukirudia Likasi, kuku yake iko. Minye mwenyewe nitaipika."

Tonton akaweka uma chini. "Yaya, dada yangu, ni vile?"

"Ni vile."

Tonton akainua uma tena, akaniitikia kwa kichwa. Kuku yule nilimla, mwanangu, na Odette ndiye huyu anayekuita sasa hivi uje kula bukari, ugali wetu.

Wahenga walisema kweli, mwenye njaa hana miiko. Lakini iko njaa inayoshika miiko, na hiyo ndiyo heshima. Tembea, uone bahari, kaa kwenye meza za wakubwa, onja usichokijua. Wakikuambia desturi imebaki mpakani, usibishane. Tazama kwanza ni nani aliyeficha mikono chini ya meza. Kama kuondoka kwako kutamlisha, ondoka, hata wakucheke, hata kama unachokitaka kuliko vyote kimebaki pale mezani.

Mungu akupe miguu ya kwenda mbali na macho ya kuona wa karibu. Na popote utakapofika, awepo mtu anayekuwekea kuku wako.